Mtihani wa L na R

Uhuru ukiwa bado mbichi, niliajiriwa na kampuni kubwa ya mashine za ofisi: za kuchapa, za kuhesabu, na baadaye zile zilizosoma kadi zenye matundu. Makao makuu yalikuwa ng'ambo. Tawi letu lilikuwa Kakamega. Nilikuwa na shahada kutoka Kampala, tai mbili, na kiburi cha kutosha kuendesha tawi zima bila umeme.

Raha zilikuwepo, sitadanganya. Nilipewa nyumba mtaani Amalemba yenye bomba ndani. Mama yangu alipokuja kunitembelea alilifungua na kulifunga mpaka nikamwomba apumzike. Saa nne chai ililetwa na biskuti. Na kufungua kifuniko cha mashine, kuona vidole vya chuma vikijumlisha vyenyewe! Starehe ile sijaipata tena popote.

Ubaya wa kampuni kubwa ni kwamba amri hutoka mbali na hakuna wa kugombana naye. Siku moja meneja wetu, Mzungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, alitangaza kuwa makao makuu yanataka mpokea simu mwenye "matamshi safi". Asiyekuwa nayo aondolewe kwenye simu.

Mpokea simu tulikuwa naye mmoja tu, mama wa Musanda. Alianza kwa kufagia chumba cha simu na kupika chai, akajifunza simu kwa kuangalia, akapigania kile kiti hadi akakipata. Wateja wote wa Magharibi waliijua sauti yake.

Ili ionekane haki, tulipimwa wote. Sentensi ilikuwa: "Lori la rafiki limelala barabarani."

Nilianza mimi, kwa sauti ya msomi. "Lori la lafiki limerara balabalani."

Mafundi waliangua kicheko. "Enjinia, hiyo digrii ulisomea gizani?" mmoja akauliza. Naye alipoitwa, akaliangusha lori lake mtaroni vilevile. Hakuna aliyepita.

Mama alisoma mwisho. "Rori ra lafiki rimerara balabalani." Kisha akamgeukia meneja. "Bwana meneja, hiyo rori imefanya nini?"

"Limelala barabarani."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi simu imefika."

Meneja, ambaye ng'ombe kwake alikuwa "gombe" hadi anaondoka nchini, alitangaza kwamba mama atarudi kupika chai. "Hatumfukuzi," akasema, kama mtu anayetoa zawadi. "Mshahara ni uleule."

"Na mimi?" nikauliza. "Si nimeanguka pia?"

"Wewe unatengeneza mashine. Mdomo wako hauhitajiki."

Damu ilinichemka. Miaka yote ile ya vitabu, kumbe nilikuwa nanunua ruhusa ya kuwa bubu! Nikamuuliza ni mteja gani aliyelalamika.

"Hakuna. Ni utaratibu."

Utaratibu! Watu wa Musanda na Chekalini wanapiga simu kwa ulimi uleule, wanaelewana, mashine zao zinatengenezwa. Huo usafi ulikuwa wa kumpendeza nani? Ningemfokea mwenye amri, lakini alikuwa ng'ambo, na pengine hata yeye aliambiwa na mwingine.

Mama alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akachukua mkoba wake. "Chai nimewapikia ya kutosha," akasema. "Sasa mpikiane." Akatoka.

Simu ikalia. Meneja alitutazama mmoja mmoja, mabubu wake wote, akaipokea mwenyewe na kutaja jina la kampuni kwa usafi mkubwa.

Mpigaji alikuwa karani wa ushirika wa Chekalini, akasalimu kwa Kiluhya kwa sauti iliyojaa chumba. "Mulembe! Wewe ni nani? Tupatie mama, yeye ndiye tunaongeanga naye."

"Mama hayupo."

"Ameenda wapi?"

Meneja aliutazama mlango aliotokea mama.

"Haya," ikasema sauti, "tutamungoja." Wala haikukata.

Meneja akabaki ameshika simu sikioni. Sikumsaidia.