Shukuruti ya Misheni

Mama yangu amefikia umri wa kula vijiko vitatu na kusukuma sahani. Tangu nilipomleta kukaa nami hapa Ilemela nimempikia kila ninachokijua, na kila mara ananishukuru kama mgeni, halafu anafunika. Kwa hiyo siku aliposema, bila kuulizwa, kwamba ana hamu ya shukuruti, nilifurahi kwanza. Woga ulikuja baadaye. Shukuruti sijaionja tangu nikiwa msichana wa darasa la tano, na aliyejua kuipika ni bibi yangu, mzaa mama, ambaye tulishamzika.

Huenda wewe unayesoma hulijui neno hilo, nami sina hakika kama naliandika sawasawa, niliishia darasa la saba. Bibi alikuwa mpishi wa misheni ya kijijini kwetu, kando ya ziwa, akimpikia padri mzungu mwenye ndevu nyekundu. Padri huyo kwao ni mahali panapoitwa Alsasi. Alikuwa akisema yeye amezaliwa Ufaransa na babu yake amezaliwa Ujerumani, na wote wawili katika nyumba ile ile, hakuna aliyehama, mpaka wa nchi ndio uliohama. Chakula chao kikubwa alikitamka haraka haraka, na Bibi akasikia shukuruti. Padri alijaribu kumsahihisha kwa muda, mwishowe akawa anasema shukuruti na yeye.

Ni kabichi, ila si hii unayoijua. Bibi aliikata nyembamba kama nyuzi, akaipanga kwenye pipa dogo la mbao pamoja na chumvi, akaiponda mpaka ikatoa maji yake yenyewe. Juu aliweka jani la mgomba, na juu ya jani jiwe alilolisugua ziwani. Hapo iliachwa wiki nyingi. Sisi watoto tuliziba pua tukasema imeoza. Bibi alijibu kwamba haijaoza, imelala, na kitu kilicholala hakisemwi vibaya. Ikishaiva aliipika taratibu na vitunguu, pilipili manga na mvinyo kidogo wa padri, si ule wa misa, naomba ieleweke. Juu yake alipanga nyama ya nguruwe iliyokaa moshini, na viazi. Ijumaa padri hakula nyama, hivyo Bibi aliweka sato wa moshi. Hiyo ya sato ndiyo iliyotufikia sisi, kwenye bakuli la bati lililofungwa kwa kitenge, na ndiyo Mama anayoitaka. Kijiko cha kwanza kilikukunjisha uso. Cha pili ulikifuata mwenyewe.

Nilianza kuitafuta kwenye mgahawa mmoja pale Mirongo. Jina la shukuruti halikueleweka, basi nikamweleza mhudumu kwamba nataka kabichi iliyolala.

"Mama, sisi hapa hatuuzi kiporo," akanijibu, kwa sauti ya kusikiwa na meza zote.

Nilimwomba radhi. Kosa lilikuwa langu, maana nani mwingine angesikia tofauti? Na yule binti hakuwa mbaya, alipotulia alinielekeza kwenye banda moja la kitimoto huko Nyakato, eti wenye nguruwe ndio wenye kabichi. Mchomaji wa pale alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Shangazi, kabichi ikichacha hapa mimi napewa kesi," alisema, akanikatia kachumbari. Sitamwonea, nyama yake ilikuwa tamu nikaila mpaka mfupa.

Ya tatu ilikuwa hoteli kubwa ya ufukweni, ambako kwa kweli niliona aibu kuingia na ndala zangu. Kwenye orodha yao ya vyakula ilikuwepo, kwa jina la Kijerumani, na chini yake wameeleza kuwa ni kabichi iliyochachuliwa. Mpishi alitoka mwenyewe jikoni, kijana mwenye adabu, akaniamkia, akasema alifundishwa chuoni. Nikamuuliza kabichi yake hukaa siku ngapi. Akaona haya kidogo.

"Mama, mteja hasubiri wiki tatu. Naichemsha na siki, dakika ishirini iko tayari."

Nilionja. Viazi havikuwa na kasoro, na soseji zake hata padri angezisifu. Lakini uchachu wa siki unagonga meno na kuondoka, na ule wa Bibi ulikuwa unapanda polepole kutoka chini. Au labda ulimi wangu ndio unaodanganya, miaka ni mingi. Nilimwomba aniwekee sato wa moshi mahali pa soseji, akakubali bila kununa, nikabeba.

Mama aliinuka kukaa kabla sijafungua. Alipofika kijiko cha tatu alisema, "Wamejitahidi."

Ukiambiwa hivyo na mtu wa kwetu, unaelewa. Halafu akauliza kwa nini nimehangaika mahotelini wakati Bibi alinifundisha.

Sasa hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Nilipokuwa darasa la tano nilikaa kwa Bibi, na Mama alikuwa kibarua wa kiwandani hapa mjini, akija kijijini mwisho wa mwezi. Mikono ya Bibi ilikuwa imeanza kutetemeka, na chumvi aliipima kwa kiganja, hakujua kipimo kingine. Akaniita kwenye pipa ili tuone viganja vyangu vingapi vinalingana na chake kimoja. Wiki hiyo hiyo darasani walikuwa wameniimba, "Kabichi Bovu amefika, fungueni madirisha," na mwalimu, sidhani kama alikusudia ubaya, aliyafungua kweli. Nikakataa kutia mkono. Bibi aliniita Jumamosi tatu, hakugomba, ya nne hakuniita. Mama alipokuja akauliza kama nimefundishwa, nikasema ndiyo. Bibi alikuwa amekaa pale pale akichambua maharage, akaendelea kuchambua.

Safari hii nikamwambia Mama kwamba Bibi hakunifundisha. Nikaona hapo nimemwonea marehemu, nikarudia.

"Aliniita. Mimi ndiye niliyekataa."

Mama akasukuma sahani. "Hata mimi aliniita," alisema. "Nikamwambia nina kazi mjini."

Padri alirudi kwao zamani. Pipa, nasikia, lilitumika kuhifadhia maji, kisha likawa kuni. Misheni ipo, imepakwa rangi mpya, na mpishi wa sasa anapika wali kama watu wote. Asubuhi iliyofuata nilinunua kabichi, nikaikata nyembamba nilivyoweza, nikaiweka kwenye ndoo yenye kifuniko. Mama akaomba kiti chake kisogezwe karibu. Nilitia kiganja cha kwanza cha chumvi, kisha cha pili. Cha tatu nikakishika juu ya ndoo. Tukatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme inatosha.