Mkanda wa Mguu wa Kushoto

Jirani yangu hapa Walthamstow, London, ni ofisa mstaafu wa jeshi la miamvuli la Ufaransa. Miaka thelathini aliruka kutoka kwenye ndege, Chad, Djibouti na sijui wapi kwingine. Leo magoti yamegoma, na kutoka kitandani hadi kwenye kiti ananyanyuliwa na mashine yenye mikanda, kama gunia la mbaazi bandarini.

Jumanne nilimpelekea gazeti, nikakuta mtihani. Dada mmoja wa Tanga, mgeni katika kazi ya kuhudumia wazee, alikuwa akimfunga mikanda huku msimamizi wake amesimama dirishani na karatasi. Akifeli, kazi hana.

Dada akashika rimoti ya mashine. Mzee akainua kidole.

"Subiri, binti. Kwetu haruki mtu kabla mwenzake hajamkagua. Tukague wote wawili."

Akaanza kuigusa mikanda mmoja mmoja, taratibu. Kwenye mguu wa kushoto kidole kikakaa. Dada akatazama, akaona ndoano haijashika, akaipachika.

"Mbona umesimama?" msimamizi akauliza.

"Nakagua kabla sijamnyanyua," dada akajibu.

"Naye anakagua vizuri," mzee akadakia. "Sasa fungueni mlango wa ndege."

Akapaa futi moja na nusu juu ya zulia, mgongo wima, akapiga saluti. Dada akafaulu.

Mabosi wanaokukagua ili wapate cha kuandika nimekutana nao tele. Mzee huyu alikagua ili binti wa watu atue salama, ilhali aliyekuwa anakwenda hewani ni yeye.