Jina Lake Kwenye Tasnifu

Nilikuwa kwa ofisi ya kupiga chapa hapa Kitengela nikingoja kopi ya kitambulisho, simu ya dada aliyekuwa mbele yangu ikalia. Dada huyo ni mwanafunzi wa uzamili, anaandika kuhusu magonjwa ya mifugo. Aliyepiga alikuwa profesa anayemsimamia, na sauti yake ilitufikia sote: sura ya tatu iko wapi, wenzako wamemaliza!

Dada akasimama wima. "Profesa, bado niko na kina mama wafugaji wa Bisil sijawasikiza. Siwezi kuandika kitu hawajaniambia."

"Basi utachelewa kuhitimu."

"Nitachelewa."

Akakata simu.

Kweli alichelewa, mwaka mzima. Juzi nikamkuta hapo hapo akichukua tasnifu yake iliyojalidiwa, ameandamana na mama mmoja wa Bisil mwenye shanga shingoni, asiyejua kusoma.

"Mimi niko wapi hapa?" mama akauliza.

Dada akamwonyesha mstari. Mama akaweka kidole juu ya jina lake, akatuangalia mmoja mmoja.

"Ni mimi nilimfundisha," akatuambia.

Mwezi ujao chuo kitamvika dada kofia ya mahafali. Ningekuwa mimi, ningeshona mbili.