Mashine Haina Mjomba

Majuzi vijana wa kanisa letu walialika mtaalamu kutoka Nairobi aje kutufundisha habari za akili bandia. Akagawanya ubao mara mbili, faida upande huu, madhara upande ule, akatuomba tutaje. Upande wa faida ukajaa hadi chini. Mmoja akasema itaajiri watu bila kuangalia sura, mwingine akasema itasahihisha mitihani kwa dakika moja, na mtaalamu akaitikia kwa furaha: mashine haina kabila, haina mjomba. Niliinuka nikatoka nje. Wakadhani nimekwenda msalani, kumbe nilikwenda kusimama kando ya ukuta nisije nikamtukana mgeni wa kanisa.

Maneno hayo niliyasikia mara ya kwanza kinywani mwa baba yangu, kwetu kijijini Kanja, Embu, miaka ya tisini, wakati mdogo wangu wa kike alipokuwa anajiandaa kwa mtihani wa darasa la nane. Baba alikuwa kibarua wa wapima ardhi. Aliwabebea minyororo ya kupimia na nguzo kwenye mashamba ya watu, huku kila nafasi ya kupanda cheo ikichukuliwa na mpwa wa fulani au shemeji wa fulani. Kwa hiyo mwalimu alipowaeleza wazazi kwamba karatasi za majibu hupelekwa Nairobi zikasomwe na kompyuta, Baba alirudi nyumbani amechangamka kama mtu aliyetoka harusini.

"Hapo sasa," akasema. "Mashine haina mjomba."

Na sitamsingizia, alikuwa na haki. Kabla ya hapo tulikuwa tumezoea kuona mtoto wa mkubwa akipita na mtoto wa maskini akiambiwa ajaribu mwakani. Mashine ilikuwa haijui nani ni nani, na wako watoto wa mama mboga walioingia shule kubwa kwa sababu hiyo. Nasema hivyo ingawa inaniuma kusema.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Si kwa kubahatisha, aliongoza tangu darasa la nne, na alitaka shule moja tu, sekondari ya bweni ya wasichana, kwa sababu hakuna msichana wa ukoo wetu aliyekuwa amevuka darasa la nane. Mama alikuwa ameshamnunulia sanduku la bati. Likawekwa chini ya kitanda, na kila mgeni akaonyeshwa.

Jumapili ya mwisho kabla ya mtihani, kwetu watahiniwa huitwa mbele ya kanisa, kila mmoja ameshika penseli yake, mchungaji aziombee. Mwalimu alikuwa amewaambia wanunue zile za kawaida za dukani. Lakini Baba hakuziamini. "Hizo unachonga kuliko unavyoandika," alisema, na akatoa penseli aliyopewa zawadi na bosi wake, mpima ardhi, siku bosi huyo alipostaafu, penseli ngumu ya kuchorea mipaka kwenye ramani, isiyovunjika wala kuisha ncha. Dada alimwambia, "Baba, mwalimu alisema za dukani." Baba akacheka. Mtoto wake angeendaje vitani na silaha ya bei rahisi? Akaichonga mwenyewe, pole pole, na mchungaji akaiombea pamoja na zingine.

Mtihani ule, ukiondoa insha, ulikuwa wa kuchora mstari mfupi ndani ya kisanduku cha jibu. Dada yangu alikuwa na mkono mwepesi, msafi, hakupenda kukandamiza karatasi. Alitoka akitabasamu. Alisema hesabu zilikuwa rahisi.

Matokeo yalipokuja alikuwa karibu na mkia. Watoto aliokuwa akiwafundisha hesabu wakati wa mapumziko walimpita. Kisha majirani wakaanza, unajua watu: kumbe siku zote alikuwa anaibia, kumbe walimu walikuwa wanampendelea. Alijifungia jikoni akakataa kula, na Mama akasimama nje ya mlango akimbembeleza kwa Kiembu kama mtoto mchanga.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Majimbo, nikiuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu. Nikaomba ruhusa, nikaenda na Baba na dada kwenye ofisi ya elimu. Tulimkuta afisa mmoja mstaarabu, si wale wa kukufokea. Alisoma matokeo, akakunja uso.

"Mzee, insha yake iko juu sana, na insha inasomwa na mtu. Hesabu iko chini kabisa. Alitumia penseli gani?"

Baba akaitoa mfukoni mwa koti. Hata siku ile aliitoa kwa maringo kidogo.

Afisa akachora mistari kwenye karatasi, akaiinua kuelekea dirishani. "Hii ni ngumu mno," akasema. "Alama yake ni hafifu. Mashine inatafuta weusi. Hapa itaona karatasi tupu."

"Na wewe unaona?" nikamuuliza.

"Mimi naona."

"Basi karatasi yake itafutwe, mtu aisome."

"Hakuna mtu anayesoma," akasema, kwa upole kabisa. "Ndiyo maana hakuna upendeleo."

Nilitaka kupindua ile meza. Mtoto alijibu maswali, majibu yapo, mtu mzima anakiri kwamba yanaonekana kwa macho, halafu anakuambia uende nyumbani! Na Baba, badala ya kufoka, akavua kofia akasema, "Asante sana, bwana afisa."

Nje, kwenye ngazi, dada akamgeukia. "Nilikuambia, Baba."

Baba alimwomba mwalimu mkuu amkubali arudie darasa. Dada akakataa. Alisema hatakaa tena mbele ya karatasi isiyosomwa na mtu. Baadaye akafuata wasichana wengine Timau, kwenye mashamba ya maua, akawa anakata maua kwenye baridi ile ya kupasua midomo. Alikuwa bado mtoto. Sanduku la bati alikwenda nalo.

Wataalamu wakija na ubao wao huandika kwamba mashine inaweza kukosea, kisha wanaendelea na lingine. Kukosea si kitu, hata mimi hukosea. Kinachonichemsha damu ni kwamba mashine ikikosea, hakuna wa kumshika shati. Afisa hana kosa, yeye hasomi. Mwalimu hana kosa, aliwaambia. Wale wa Nairobi hatukuwahi kuwaona. Kosa likazunguka likitafuta pa kukaa, likamkuta mzee aliyemchongea mtoto wake penseli nzuri kuliko zote alizowahi kushika. Na sasa wanataka mashine kama hiyo ichague nani apewe kazi, nani apewe mkopo, nani atibiwe kwanza. Sawa, haina mjomba. Haina hata masikio.

Baba alimfuata dada Timau, kumwomba msamaha. Alisimama nje ya lango la shamba mpaka wafanyakazi walipotoka. Aliporudi hakwenda Kanja, alikuja kwangu Majimbo, akakaa na koti lake mwilini, chai ikapoa mbele yake. Nikamuuliza kama alimwona.

"Nilimwona," akasema. "Yeye alipita tu."