Mchele Uliingia Mwisho

Sogea unisikilize, hasa wewe uliyenunua juzi gari dogo la mizigo na bado unalifuta vumbi kila asubuhi. Nalijua hilo gari. Mbele ni gari la familia kabisa, na usukani wake mwepesi na viti viwili vya kistaarabu. Nyuma siti inalala, unabaki na sakafu ndefu inayomeza magunia. Uso wa teksi, tumbo la stoo. Usiliogope, ni gari lenye subira. Ila kuna jambo moja ambalo mimi nilikuja kulielewa nikiwa katikati ya barabara, dada yangu amekaa kando yangu.

Dada ndiye mkubwa wetu. Alikuwa amewekewa chuma mguuni baada ya kuteleza bafuni, na kushuka garini kulimchukua muda: kwanza fimbo, kisha mguu mzima, anavuta pumzi, ndipo ule mwingine. Binti yake alikuwa anaolewa kesho yake. Tukaenda Kariakoo kununua vitu vya karamu.

Tulianza na sahani. Kariakoo kila duka lina wapagazi wake, na mpagazi wa mtaa huu hagusi mzigo uliopangwa na mwenzake wa mtaa ule. Wana sababu: kitu kikivunjika, anayelaumiwa ni aliyegusa mwisho. Kwa hiyo mzigo huingia kwa kufuata maduka, si kwa kufuata uzito. Maboksi ya sahani yakakaa nyuma ya viti vyetu. Ikafuata mikeka, mapazia, na maua ya plastiki ambayo dada aliyachagua kwa muda mrefu kuliko alivyomchagua mumewe. Mchele, sukari na ndoo za mafuta vikaja mwisho, maana duka la jumla ndilo lililokuwa la mwisho njiani. Vikasukumwa hadi mlangoni, nyuma ya matairi ya nyuma.

"Tutoe sahani kwanza, mchele upite mbele," nikasema.

Mpagazi, jamaa aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua lile, akacheka. "Bosi, sahani za watu siziwezi. Mimi kazi yangu mchele. Na mlango si umefunga?"

Mwenzake akainama kutazama boneti iliyonyanyuka. "Oya, gari la bosi linaangalia ndege!"

"Linaomba dua hilo," akajibu wa kofia. "Nenda tu, litafika."

Dada, aliyekwisha kukaa, akagonga dashibodi kwa fimbo. "Mdogo wangu, wapishi wanangoja mchele. Utabishana mpaka Magharibi?"

Nikaona haya. Nikawasha gari.

Usukani ulikuwa mwepesi mno, kama vile haukushikana na kitu. Niliusikia, nikaunyamazia. Gari langu linavutwa na matairi ya mbele, na uzito ukikaa nyuma kabisa, inakuwa kama bembea ya ubao ya watoto: upande mmoja ukikaa, wa pili unanyanyuka. Tairi lisilokandamizwa halishiki barabara. Hayo nakueleza leo nikiwa nimetulia. Siku ile nilichokuwa nacho ni jasho mgongoni tu.

Tulipofika makutano ya Msimbazi taa ilikuwa ya kijani. Nikamfuata wa mbele yangu kwa karibu mno, naye akasimama ghafla. Nami nikasimama, juu ya njia ya mabasi ya mwendokasi. Nafasi ilipopatikana nikakanyaga mafuta. Injini ikalia, lakini gari halikusogea. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope la mchanga pale, na matairi ya mbele yalikuwa yanazunguka palepale.

"Mbona hatuendi?" dada akauliza.

Nikakanyaga zaidi. Taa ikabadilika. Kutoka upande wa Gerezani basi likawa linakuja, linawasha na kuzima taa zake. Bila kutaka, nikautazama mguu wa dada. Akaona ninachotazama.

"Shuka wewe," akasema taratibu. "Mimi nitachelewa."

Sikushuka. Nikakanyaga tena.

"Anko, acha kukanyaga! Acha!" Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri kuvuka na mkokoteni wao walikuja mbio. Mmoja akajitupa juu ya boneti na kukaa, mgongo kwetu. Wa pili akapanda pembeni yake. Pua ya gari ikashuka.

"Sasa polepole! Kama umebeba mtoto aliyelala!"

Nikagusa mafuta kwa ncha ya kiatu. Matairi yakazunguka, yakakwama, yakashika. Tukavuka tukiwa na watu wawili kwenye boneti. Basi, lililokuwa limeshapunguza mwendo, likapita nyuma yetu na honi ndefu.

Ng'ambo ya pili wakashuka. Mmoja akamchungulia dada dirishani. "Pole mama. Dereva wako anabebea mchele kwenye mkia."

"Si dereva, ni mdogo wangu," dada akasema. "Ndiyo maana bado nimo humu."

Nilisimama karibu na Mchikichini. Kisha nikashusha kila kitu pembeni ya barabara, peke yangu, na kupakia upya: mchele, sukari na mafuta nyuma ya viti, sahani nyuma yake, zimebanwa kwa mikeka. Dada alinitazama kwenye kioo. Wapishi walingoja, na pilau ikapikwa. Lakini mpaka leo usukani ukiwa mwepesi kidogo tu, nasimama pembeni nikague mzigo.

Basi fanya hivi. Gari likiwa tupu, ingiza vidole vya mkono mmoja vilivyolazwa kati ya tairi la mbele na bodi juu yake, ukumbuke ni vingapi vinaingia. Ukishapakia, pima tena. Nafasi ikiwa imeongezeka, usiondoke, hata wakikucheka: shusha mzigo mzito, uuweke nyuma ya kiti chako.