Chandarua Juu ya Nyanya Chungu

Nakumbuka wiki moja ya joto hapa kambini Dzaleka, mwanangu, nilipofunika bustani ya shangazi yangu kwa chandarua cha mbu, nikakaribia kumpotezea mbegu alizotoka nazo Bukavu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikujua kutulia. Kila siku nilikimbilia ubao wa matangazo kuangalia kama majina yetu yametoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kusafiri ng'ambo, nikarudi, nikanywa maji, nikakimbia tena. Tantine, ndivyo nilivyomwita shangazi, alikuwa ameotesha nyanya chungu nyuma ya nyumba, mbegu za mwisho zilizobaki kwenye fundo la kitenge chake. Alipokwenda Area 23, mjini Lilongwe, kumuuguza rafiki yake, aliniachia miche ishirini niimwagilie na kuiangalia. Kumwagilia, nilimwagilia. Kuangalia, nani alikuwa na muda huo?

Siku ya tatu nikakuta miche minne imelala, imekatwa shinani. Wale ndege weusi kwa weupe wanaotikisa mikia walikuwa hapo hapo, wakidonoadonoa udongo. Kwangu kesi iliisha. Niliwatupia kandambili, nikavua chandarua kitandani, nikafunika tuta lote isipokuwa pembe moja ambako hakikufika, kisha mimi huyo, ubaoni. (Usinicheke. Mbu walinicheka vya kutosha.)

Kwa siku nne nilimwagia maji juu kwa juu bila kuchungulia; nilipokifunua, chini ya chandarua hapakusimama hata mche mmoja. Nilipiga kelele mpaka jirani yetu, Mzee Silvesta, Mrundi, akaja na jembe mkononi.

"Ni bandege, Mzee!"

Aliweka jembe chini. Alichimbua kwa kidole kando ya shina lililokatwa, akatoa kiwavi mnene wa kijivu aliyejikunja. Akatoa wa pili. Akatoa wa tatu.

"We Furaha, hii njo inakata miche, usiku. Bale bandege balikuwa banakuya kuikula. Umefungia polisi inje, na mwizi umemuachia chakula. Ungeikala hapa asubuhi moya tu, ungeona."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kwenye ile pembe iliyokosa chandarua, miche mitatu ilikuwa bado imesimama.

Tantine aliporudi hakunipiga, na heri angenipiga. Alikaa chini kwenye udongo, akasema, "Mama yangu njo alinipatiaka hii mbegu." Basi.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri nilichuchumaa pale, nikichimbua viwavi na kuizungushia miche majivu, na wale ndege wakinisogelea mpaka miguuni. Tunda moja tuliliacha mpaka likawa jekundu, tukatoa mbegu. Majina yetu hayakutoka. Tantine tulimzika hapa hapa.

Mimi mwenyewe bado sijatulia vizuri, sikudanganyi. Nawe nakuona, simu mkononi, unangoja kuitwa, na juzi umetoka Lilongwe na chupa ya dawa ya kuua wadudu kwa sababu ya jani moja lililotoboka. Iweke chini kwanza. Amka mapema, chuchumaa, angalia nani anakula nini. Kiwavi mtoe kwa mkono, ndege waachie nafasi. Na upande mbegu, hata kama unadhani unaondoka kesho.

Shika hizi, zimetoka kwenye ile miche mitatu. Mungu akufungulie njia unayoingoja, mwanangu, na mpaka siku hiyo akupe subira ya kukaa bustanini. Ukiitwa, zifunge kwenye nguo yako uende nazo.