Antena Niliyoitega Nikiwa Kitini

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana ya redio hakuniuliza hata cheti. Alininyooshea mlingoti tu. "Panda. Antena hutengenezewa juu, si kitini." Nikapanda. Miaka yote niliyokuwa chini yake, Nairobi na vituo vya mpakani, kazi ilikuwa hiyo: ukibadilisha masafa, panda, kata waya, shuka, pima, panda tena.

Sasa nimestaafu, nimepanga chumba hapa Kianda, Nairobi, na magoti yamegoma kabisa. Mkuu alirudi kwao karibu na ziwa, na masikio yamekufa. Simu haimsaidii. Lakini akiweka vidole kwenye spika ya redio, anasoma mipigo ya telegrafu, nukta na mistari, kama zamani. Tulikuwa tukiongea hivyo kila Jumamosi asubuhi. Niliposhindwa kupanda mabati kurekebisha waya wa antena, mawasiliano yakakatika kwa miezi. Iliniuma, jamani! Hakuwa na mwingine wa kuongea naye hivyo.

Basi nikaenda Kawangware kwa wauza vyuma vikuukuu, nikapata mota ya waipa, kile kifuta-kioo cha gari. Nikaiunganisha na koili, ule msokoto wa waya wa shaba unaoifanya antena iwe kama imerefuka au kufupika bila kukatwa. Fundi jirani akanipandishia vyote kwenye paa. Swichi ikabaki kando ya kiti changu.

Jumamosi hiyo natoka nje, nakuta Mama Akinyi wa mlango wa pili ameanika blanketi linalochuruzika kwenye waya wangu wa antena, pale unapopita chini uani.

"Mama Akinyi! Nikiwasha hii kitu itakuchoma!"

"Woi, pole mzee! Si nilidhani umetuwekea kamba mpya?"

Akalitoa, lakini waya ulishalegea. Nikarudi kitini, nikawasha; mita ya redio ikaonyesha karibu nguvu yote inanirudia badala ya kuruka hewani. Zamani hapo ningepanda. Nikabonyeza swichi. Mota ikanguruma juu ya mabati, mshale ukashuka, ukashuka, ukalala kwenye sifuri. Ajabu! Mimi, kitini, na kikombe cha chai mkononi! Machozi yalinitoka mpaka Mama Akinyi akauliza kutoka mlangoni kama niko sawa.

Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Ndipo mkono wake ukaja, upigaji ninaoutambua popote, na ule mpigo wa mwisho anaouvuta kidogo kila mara.

"Nakupata vizuri. Nani amekupandia?"

"Leo hakuna, Mkuu. Nimeitengeneza nikiwa kitini."

Nikadhani nimemuudhi. Vijana, mtu huyu alinifokea nusu ya maisha yangu na hakuwahi kuniomba kitu. Kisha mipigo ikarudi, polepole.

"Nifundishe. Hata mimi sipandi tena."